Lafudhi si Kosa

Sikiliza kipindi chochote cha redio kinachopokea simu za wasikilizaji, na haitachukua muda utamsikia mtu anayeanza kwa kuomba radhi. Hajamtukana yeyote, hajatoka nje ya mada. Anaomba asamehewe Kiswahili chake. Kisha anatoa hoja nzito kuhusu bei ya mbolea au bomba la maji lisilotoa maji, kwa maneno yanayoeleweka yote, ila yana r pale ambapo mtangazaji angeweka l. Huyo ni miongoni mwa waliothubutu kupiga simu. Wengi zaidi hawathubutu. Wamekaa nyuma kwenye mkutano wa kijiji, au darasani, au kwenye benchi la kusubiri usaili wa kazi, wanajishtukia, wanaipima kila silabi kabla haijatoka mdomoni, na mpaka wamalize kuipima zamu yao imeshapita. Nasema mapema ninachokiamini: radhi hiyo haina sababu ya kuombwa, na njia ya kuondokana na haya hiyo ni kusema, kwa lafudhi ileile, mpaka masikio ya wengine yaizoee. Kujificha hadi siku ambayo lafudhi itakuwa imenyooka ni kusubiri siku ambayo kwa watu wengi haifiki.

Tuanze na lafudhi yenyewe, maana wengi huichukulia kama dalili ya uvivu au ya kukosa shule. Mtoto mchanga ana uwezo wa kutofautisha sauti nyingi za lugha za dunia, hata zile ambazo hazisemwi nyumbani kwao. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kuegemea sauti za lugha anayoisikia kila siku na kupoteza wepesi wa kuzitambua nyingine. Hilo ni jambo ambalo wataalamu wa lugha na makuzi ya watoto wamelithibitisha kwa muda mrefu. Kinachofuata ni rahisi kukielewa. Kikuyu hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyotenganisha, kwa hiyo Mkikuyu aliyekianza Kiswahili ukubwani anaweza kusema chakura. Kijaluo hakina sh, na shule ikawa sule. Kinyakyusa hakina z wala r, na zuri ikatoka suli. Hakuna uzembe hapo. Kuna kinywa kilichofundwa vizuri sana na lugha ya kwanza, kikaingia katika lugha ya pili kikiwa na mazoea yake. Na nyani haoni kundule: mzaliwa wa pwani anayecheka chakura akijaribu Kisukuma, lugha inayotofautisha maana kwa toni, jambo ambalo Kiswahili hakina, yeye ndiye atakayechekwa Shinyanga.

Hapo ndipo huja jibu la kwanza la wanaopinga. Wanasema Kiswahili kina wenyewe, na kwamba kuna matamshi sahihi ambayo sote tunapaswa kuyafikia. Naliheshimu jibu hili kwa sababu linatoka kwa watu wanaoipenda lugha, lakini historia haiwaungi mkono kama wanavyofikiri. Kiswahili sanifu tunachokitumia kilichaguliwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa lugha ya vitabu na shule katika maeneo ya Afrika Mashariki yaliyotawaliwa na Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji huo. Uamuzi ulikuwa wa kiutawala: serikali zilitaka vitabu vya aina moja. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilishindwa katika mchuano huo, ingawa Muyaka wa Mombasa alikuwa ameshakitungia mashairi yanayosomwa hadi leo zaidi ya karne moja na nusu baada ya kufa kwake. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, uko katika lahaja ya kaskazini, upande ambao macho huitwa mato na moja husemwa moya. Mtu wa Lamu anayesema hivyo leo halegezi ulimi. Anasema lugha iliyokuwa na fasihi karne mbili kabla kamati yoyote haijaketi.

Zaidi ya hapo, usanifu wenyewe umebeba alama za vinywa vilivyowahi kuonekana havijui kutamka. Tazama maandishi ya zamani ya Kiswahili, utakuta kheri na khabari, na pwani wapo wanaotamka hivyo mpaka sasa. Watu waliokipokea Kiswahili wakiwa hawana sauti hiyo ya kooni ya Kiarabu waliilainisha, wakasema heri na habari, na leo mwalimu anayeandika ubaoni kwa chaki huandika heri na habari bila kuona kwamba kuna kilichopotea. Matamshi ya wageni wa jana yamekuwa kanuni ya leo. Sidai kwamba chakura nayo itaingia kwenye kamusi. Ninachosema ni kwamba lugha iliyokua kwa kupokelewa na vinywa vipya haiwezi kugeuka ikavionea aibu vinywa vipya, hasa ikiwa sehemu kubwa ya wasemaji wake, wanaokadiriwa na UNESCO kuzidi milioni 200, waliipata kama lugha ya pili au ya tatu. Tukimnyamazisha kila mwenye lafudhi, mkutano utabaki na watu wachache sana wa mwambao na visiwani.

Na hao wenye lafudhi ndio waliokibeba Kiswahili kikafika kilipofika. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, lugha yake ya kwanza ikiwa Kizanaki, na Kiswahili alikijifunza shuleni Musoma, alikoanza masomo akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Aliiongoza Tanzania kwa lugha hiyo ya kujifunza, akahutubia vijiji kwa lugha hiyo, na mwaka 1969 ikachapishwa tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Julai 2004, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alisimama akahutubia kwa Kiswahili, jambo lililowashangaza waliokuwamo ukumbini. Chissano hakuzaliwa na Kiswahili. Alikipata Tanzania, katika miaka ya mapambano ya FRELIMO ya kuikomboa Msumbiji. Kama angeipima kwanza lafudhi yake na kuona haitoshi, heshima ile ingepatikana lini? Miaka 15 baadaye, Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na katika nchi wanachama wa jumuiya hiyo wenye kukizungumza kwa lafudhi ya Unguja mjini ni wachache mno.

Basi haya hii imetoka wapi, kama haikutoka kwenye lugha? Imefundishwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi katika shule za Kenya ya kikoloni mtoto aliyesikika akisema Kikuyu alivyochapwa, au kuvishwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Kilichonishtua zaidi katika maelezo yake ni namna wakosaji walivyopatikana, kuliko adhabu yenyewe. Kifungo kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono: aliyekamatwa akisema lugha ya mama alikipokea, akakaa nacho akitega sikio amkamate mwenzake ili amkabidhi. Watoto walifundishwa kusikilizana kwa ajili ya kunasana. Adhabu za namna hiyo ziliendelea katika shule nyingi muda mrefu baada ya uhuru, na hata palipokomeshwa, usikilizaji ule umebaki. Darasa linaloangua kicheko mwenzao anaposoma kwa sauti halijasikia alichosoma. Limesikia r. Mtoto aliyechekwa naye anajifunza haraka: wakati mwingine hanyooshi mkono. Mwalimu akiona mikono haipandi anasema darasa halijui jibu, na huenda nusu yao wanalijua.

Kwa mtu mzima ambaye madhara hayo yameshamkaa, kuna ushahidi unaoweza kumsaidia. Mwaka 2000 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa wakati ule waliona soni kuhusishwa naye, kisha akaingizwa katika chumba walimoketi wenzake. Alipoulizwa ni wangapi wameitambua picha ile, alikadiria karibu nusu yao. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu. Mwaka 2003 Savitsky na Gilovich wakatoa utafiti mwingine unaogusa jambo letu kwa karibu zaidi. Watu walitakiwa kuhutubia, na baadhi yao wakaelezwa kabla kwamba woga alio nao mtu moyoni hauonekani kwa wasikilizaji kwa kiwango anachodhani. Walioelezwa hivyo walizungumza vizuri zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na kwa tathmini ya waliowasikiliza. Hawakupewa dawa wala mafunzo ya sauti. Walipewa ukweli mmoja tu, kwamba wanaowatazama hawaoni ndani, na ukweli huo ukawaachia akili huru kwa kazi ya kusema.

Nakubali kwamba fulana na lafudhi si kitu kimoja. Fulana inaweza kupita bila kuonwa, lakini lafudhi husikika tangu sentensi ya kwanza, na kumwambia mtu kwamba hakuna anayeisikia ni kumdanganya. Tena kuna ushahidi mchungu zaidi, na asiyeutaja hatakuwa ameijibu hoja ya wapinzani. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha Wamarekani sentensi za mambo ya kawaida, kwa mfano kwamba twiga huweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Sentensi zilipotamkwa kwa lafudhi ya kigeni, wasikilizaji waliziamini kwa kiwango cha chini zaidi, ingawa walikuwa wameambiwa kwamba msemaji anarudia tu maneno aliyopewa. Hivyo anayehofia kwamba lafudhi yake inamshushia uzito mbele ya meneja au hakimu haoti. Hofu yake ina mashiko. Mtu huyu hasaidiwi na semina za kumwambia ajiamini, kwa sababu tatizo lake halimo kichwani mwake peke yake, na kumtwisha yeye mzigo wote ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Lakini tuendelee kuusoma utafiti huo mpaka mwisho, maana ndani yake mna njia ya kutokea. Maelezo ya watafiti ni kwamba chanzo hakikuwa chuki kwa wageni peke yake. Sentensi yenye lafudhi tusiyoizoea hutupa kazi zaidi kuishika, na ugumu huo wa kusikia tunauchukua, bila kujua, kuwa shaka juu ya kilichosemwa. Wasikilizaji walipoelezwa jambo hilo waliweza kujirekebisha lafudhi ilipokuwa nyepesi, ingawa ilipokuwa nzito walishindwa. Sasa weka hilo karibu na utafiti wa Constance Clarke na Merrill Garrett wa mwaka 2004, ulioonyesha kwamba msikilizaji akikutana na lafudhi ngeni huanza kwa kuielewa polepole, lakini ndani ya dakika moja kasi yake huwa imeshapanda. Dakika moja. Sikio hujifunza upesi kuliko ulimi, upesi sana. Mtu mzima anaweza kuhangaika miaka na r yake asifike popote, wakati jirani yake anahitaji sentensi chache tu kuizoea. Kwa hiyo kama kuna upande unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya marekebisho, ni upande wa sikio, kwa sababu huko gharama ni ndogo. Na sikio halizoei kitu ambacho halikisikii. Kila anayenyamaza kwa haya anaongeza ugeni wa lafudhi yake masikioni mwa wengine, na ugeni huo ndio unaozaa shaka aliyoiogopa. Kimya kilichokusudiwa kumlinda ndicho kinachomhukumu.

Wapo watakaosema kwamba kwa mwendo huu tunafungua mlango wa uholela, na kwamba kura si kula, mahari si mahali, karamu si kalamu. Ni kweli maneno hayo yana maana tofauti, na mwalimu wa Kiswahili anayeyapitisha kwenye insha bila kuyasahihisha haifanyi kazi yake. Maandishi yasimamiwe kwa ukali unaostahili. Msoma taarifa ya habari naye apimwe kwa matamshi, kwa kuwa amechagua kazi ya sauti na analipwa kwa ajili hiyo. Ila katika mazungumzo, mtu akisema kesho tunakwenda kupiga kula, hakuna asiyejua anakwenda kituo cha kupigia kura. Muktadha umeshamaliza kazi. Anayemkatiza ili amsahihishe hakuiokoa lugha, amemvunja msemaji tu. Kufundisha matamshi kunawezekana bila kumdhalilisha mtu: mwache amalize hoja, ijibu hoja, kisha kama ni mwanafunzi wako mwonyeshe sauti ile hutamkwaje. Katika mpangilio huo mtoto anajifunza mambo mawili, kwamba alichosema kina uzito na kwamba kuna namna ya kukisema iliyo bora zaidi mbele ya mtahini. Katika mpangilio wa kicheko anajifunza kunyamaza.

Kuhusu hoja kwamba kuchekana lafudhi ni utani tu sitakaa sana, kwa kuwa wanaouleta utani kama kinga wanaujua vizuri kuliko wanavyoonyesha. Wahehe na Wangoni walipigana katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani hukucheka lafudhi, lakini nawe unamcheka, na ndiye anayefika kusaidia msiba ukitokea kwako. Utani una pande mbili na una wajibu. Msichana wa kidato cha kwanza aliyetoka kijijini, anayechekwa na watu 60 ambao hana la kuwajibu, hataniwi. Anaonewa.

Lililo zito zaidi ni mahali ambapo kimya hiki kinaishia. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya Tanzania ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Pale ndipo anapohoji mapato na matumizi, pale ndipo habari za ardhi zinapozungumzwa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, hatua iliyopokewa kwa furaha, na kwa haki. Lakini sheria inaweza kubadili lugha ya hukumu bila kubadili hofu ya shahidi. Mama wa Kimang'ati au mzee wa Kimakonde anayesimama kizimbani akijua kwamba akifungua mdomo watu watatabasamu atajibu kwa neno moja moja, ndiyo au hapana, na yale anayoyajua yatabaki kwake. Vivyo hivyo mgonjwa mbele ya daktari: anayeona haya kueleza hupunguza maelezo. Katika sehemu hizo tatu, wanaosema sana si lazima wawe ndio wanaojua sana. Ni wale ambao lafudhi yao haiwagharimu kitu.

Msemaji naye ana wajibu, sitaki kuuficha. Anaweza kusema taratibu kidogo, kumaliza maneno yake bila kuyameza, na kurudia pale anapoona hakueleweka. Huo ni ustaarabu wa kawaida ambao hata mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, anadaiwa anapozungumza na mgeni. Ni tofauti kabisa na kujificha. Anayesema taratibu anamfikiria msikilizaji. Anayejificha anajifikiria yeye, anajisikiliza mwenyewe wakati anasema, na akili inayofanya kazi ya kusema na kazi ya kujikagua kwa mpigo mmoja huharibu zote mbili. Ndiyo maana mtu huyohuyo anayegugumia mbele ya kamati huzungumza kwa ufasaha mkubwa akiwa sokoni anabishania bei: pale sokoni ana jambo lake la kushughulikia, hana nafasi ya kujitazama.

Kwa hiyo naomba mambo machache yanayowezekana kuanzia wiki hii. Watangazaji, msikilizaji akiomba radhi kwa Kiswahili chake, mwambieni hewani kwamba haidaiwi, kisha mwulizeni swali juu ya hoja yake ili asikike zaidi. Wahariri wa redio na televisheni, wakaribisheni wataalamu wenye lafudhi za Mbeya, Kisumu, Bukavu na Mtwara katika vipindi vya uchumi na afya, maana kwa sasa lafudhi hizo tunazisikia zaidi katika vichekesho, na sikio linalozisikia huko tu haliwezi kujifunza kuziheshimu. Walimu, zimeni kicheko cha kwanza siku ya kwanza ya muhula, kwa sababu cha pili ni kigumu kuzima. Nawe uliyekuwa ukisubiri lafudhi yako inyooke kabla hujasema kwenye mkutano ujao wa kijiji au wa wazazi shuleni, nyoosha mkono mapema, kabla ajenda haijafungwa, na useme ulichokuja nacho.